Neno "Huduma" na Ng'ombe wa Wacera

Watiri alikuwa na umri wa miaka sitini na mbili, na bado aliamka saa kumi na moja alfajiri kukamua. Asubuhi za Julai, kule juu ya Karatina, zina baridi ya kuuma vidole. Ukungu hushuka kutoka msituni ukalala juu ya majani ya chai mpaka saa tatu. Watiri alivaa koti kuukuu la mumewe, akachukua ndoo na maji ya moto, akaenda zizini. Mumewe, Wambugu, alikata nyasi. Binti yao Nyawira alifunga mkebe wa maziwa kwenye pikipiki akaupeleka kituoni.

Kituoni siku hizi ni kimya. Mkebe unawekwa kwenye mizani. Simu ya mkulima inalia mara moja kumwonyesha kilo zake. Kila mtu anaenda zake.

Watiri hakuuzoea ukimya huo. Miaka ishirini na saba alikuwa karani wa Ushirika wa Maziwa wa Rugita. Wakati ule foleni ya asubuhi ilikuwa kama soko dogo. Mikebe iligongana. Wanawake walicheka, wakaulizana habari za watoto. Mtu akikosa siku mbili, wenzake walijua ni mgonjwa na jioni walimpelekea uji.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbao. Ukutani kulikuwa na simu nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Mkulima akiwa na shida alipiga kutoka dukani, au alituma mtu aje mbio. Watiri alisikiliza. Aliuliza maswali mawili matatu. Kisha aliamua nani aitwe.

"Daktari anakuja," alikuwa akisema. "Rudi nyumbani, uchemshe maji."

Watu waliondoka wametulia kwa sababu ya sauti yake.

Kisha Watiri alistaafu. Chumba cha mbao kikafanywa stoo ya chakula cha mifugo. Mwaka jana kamati ya ushirika ilimwita Nyawira, ambaye alikuwa amesomea kompyuta mjini Nyeri. Walimwomba atengeneze msaidizi wa akili bandia wa kupokea shida za wakulima.

Nyawira alimweleza mama yake jinsi inavyofanya kazi.

"Mami, mkulima anatuma ujumbe au sauti kwa namba ya ushirika. Msaidizi anausoma. Anaamua cha kufanya. Halafu anatumia zana zangu."

"Zana gani? Jembe?"

Nyawira alicheka. "Zana za kompyuta. Moja inamwita daktari wa mifugo. Moja inaagiza chakula cha ng'ombe. Moja inaangalia kilo za maziwa. Ziko saba. Mimi nimezitengeneza, msaidizi anachagua ya kutumia."

"Na anajuaje ya kuchagua?"

"Nimemwandikia maelezo ya kila moja."

Watiri aliitikia kwa kichwa. Aliona fahari moyoni, na pia aliona uchungu kidogo. Kazi yake ya zamani sasa ilifanywa na kitu kisicho na sikio.

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikafika Jumapili moja ya mwezi wa Agosti.

Jirani yao mmoja aliitwa Wacera. Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mweupe mwenye madoa. Ng'ombe huyo ndiye aliyesomesha watoto wake wawili hadi sekondari. Jumamosi alikuwa amezaa ndama jike. Jumapili mchana, Wacera aliporudi kutoka kanisani, alimkuta amelala chini, masikio baridi, shingo imejikunja ubavuni. Hakuweza kusimama.

Wacera alitoa simu akarekodi sauti.

"Ng'ombe yangu imelala chini. Imezaa jana. Nataka huduma haraka, tafadhali, haraka."

Baada ya muda mfupi msaidizi alijibu: "Pole. Ombi lako limepokelewa. Mtu wa huduma yuko njiani."

Wacera akashukuru Mungu. Akakaa karibu na ng'ombe, akamfunika kwa magunia. Hakumpigia mtu mwingine simu. Kwa nini apige? Mtu alikuwa njiani.

Saa kumi pikipiki ilisimama nje. Alishuka Muchangi. Muchangi ni mtu wa kupandisha ng'ombe. Hubeba mbegu za fahali ndani ya mtungi wa baridi, akaenda boma kwa boma.

"Iko wapi hiyo ng'ombe ya kupandisha?" aliuliza.

Wacera alimtazama, akautazama mtungi. Hakuelewa.

Muchangi alipoona ng'ombe amelala, aliweka mtungi chini. "Woi! Hii si kazi yangu. Hii ni homa ya maziwa, inashika ng'ombe ikishazaa. Inataka dawa ya mshipa, na inataka daktari sasa hivi."

Alimpigia Daktari Kingori yeye mwenyewe. Daktari alikuwa upande wa pili wa Karatina. Alikimbia, lakini njia ilikuwa na matope. Alipofika, ng'ombe alikuwa ameshakata roho. Ndama alikuwa amesimama kando, akilia.

"Ningeitwa saa nane," daktari alisema kwa upole, "huyu angesimama kabla ya saa kumi."

Habari ilivuka kijito jioni ile ile. Nyawira alifungua kompyuta, akatafuta ujumbe wa Wacera. Aliusoma mara tatu. Kisha akafunika uso kwa mikono.

"Mami, ni mimi. Ni kosa yangu."

"Kosa gani?"

"Wazee wanasema ng'ombe inahudumiwa, maanake inapandishwa. Kwa hivyo zana ya kumwita Muchangi nikaiita 'huduma'. Maelezo yake nikaandika 'Huduma kwa ng'ombe.' Basi. Wacera alisema anataka huduma. Msaidizi akachukua hiyo."

Wambugu alikuwa amesimama mlangoni. Si mtu wa maneno mengi.

"Zima hiyo kitu," alisema. "Halafu kesho twende tukaombe msamaha. Mambo ya kompyuta baadaye."

Asubuhi walikwenda wote watatu. Wambugu alibeba jembe, kwa sababu shimo la kumzika ng'ombe lilikuwa halijachimbwa. Wacera aliwapokea langoni. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama Watiri peke yake.

"Nimekupigia simu miaka ishirini, Mama Nyawira," alisema. "Ulikuwa unaniuliza maswali mpaka nakasirika. Lakini hata siku moja hukunitumia mtu wa mbegu kwa ng'ombe inakufa."

Watiri alipiga hatua kumkaribia.

"Baba Nyawira anaweza kuingia na jembe," Wacera akasema. "Nyinyi wengine rudini."

Akafunga lango.

Kwa siku nyingi Watiri alilisikia lango lile masikioni. Wacera alikuwa rafiki yake tangu wakiwa maharusi wapya. Walikuwa wakikaa pamoja juu ya mikebe mitupu, nyuma ya lori la maziwa, wakirudi nyumbani na kuimba nyimbo za kwaya. Sasa walipishana njiani kama wageni.

Wiki moja ikapita. Jioni moja jirani mwingine alikuja kununua maziwa. Jina lake ni Kathambi. Yeye ni mzaliwa wa Meru, ameolewa huku, na anafundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Nyeri. Watu wote humwita Mwalimu. Alimkuta Nyawira ameinama jikoni, macho mekundu.

"Niliskia," Kathambi alisema. "Sasa unafanya nini?"

"Nataka kubadilisha akili bandia yenyewe, Mwalimu. Nitafute kali zaidi. Hii ni mjinga."

"Hebu nionyeshe ulichoipatia kwanza."

Nyawira alimpa kompyuta. Kathambi alisoma kimya. Kisha akamgeukia Watiri, aliyekuwa akichochea moto.

"Mama Nyawira, wewe ulifanya hii kazi miaka mingi. Nataka nikujaribu. Leo wewe ndiye akili bandia."

"Mimi?" Watiri alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile.

"Eeh. Lakini sahau kila kitu. Humjui Wacera. Humjui Muchangi. Hujawahi kuona ng'ombe. Uko na maneno nitakusomea tu. Sawa?"

"Sawa."

"Uko na zana mbili. Ya kwanza inaitwa 'daktari'. Maelezo yake: 'Hupanga ratiba ya daktari.' Ya pili inaitwa 'huduma'. Maelezo: 'Huduma kwa ng'ombe.' Mtu anakuambia: 'Ng'ombe yangu imelala chini, nataka huduma haraka.' Utachukua gani?"

Watiri alifikiri. Alitaka kusema daktari. Lakini Kathambi alikuwa amemwambia asahau. Daktari ni wa ratiba, na ratiba ni ya siku zijazo. Mtu huyu anataka sasa. Tena anataka huduma, na ni kwa ng'ombe.

"Ningechukua huduma," alisema polepole.

Kuni zilipasuka motoni.

"Unaona, Nyawira," Kathambi akasema. "Hata mama yako, na hakuna mtu anajua hii kazi kumshinda. Msaidizi haoni ndani ya zana. Haoni kwamba hiyo moja inapigia Muchangi. Anaona vitu vitatu tu. Anaona jina, anaona maelezo, na anaona nafasi za kujaza. Kama hizo hazisemi ukweli wote, anakisia. Ukileta akili kali zaidi, itakisia kwa haraka zaidi."

Nyawira akauliza, "Sasa niandike aje?"

"Andika kama unamwachia kazi mtu mpya kabisa. Mtu mwerevu, lakini hajui chochote cha hapa kwenu."

Watiri aliacha kuchochea moto. Maneno yale yalimgusa mahali pa zamani sana.

"Nilishawahi kumwachia mtu kama huyo," alisema.

Aliingia chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Chini ya vitenge na vyeti vya ubatizo palikuwa na daftari lenye jalada la bluu. Lilinuka moshi na mafuta ya taa. Watiri alilishika kwa muda kabla ya kurudi. Ghafla alijiona tena ana miaka thelathini na minane, tumbo kubwa, anaandika kwenye meza ya ofisi huku mvua inapiga bati.

"Hii niliandika wakati naenda kukuzaa wewe, Nyawira," alisema. "Walileta msichana kutoka Embu anishikie kazi. Aliitwa Mbeti. Alilelewa mjini. Alikuwa hodari, lakini hakuwa amekamua ng'ombe hata moja."

Alifungua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na mstari mmoja tu: *Simu ikilia, mwite daktari.*

Kathambi alitabasamu. "Hii ni kama ya Nyawira."

"Ni kama ya Nyawira kabisa. Nilifikiri inatosha. Siku ya kwanza, mtu alipiga simu akiuliza habari ya pumba. Mbeti akamtumia daktari. Siku ya pili, alimtuma daktari Kiamucheru. Lakini ziko mbili. Kuna Kiamucheru ya juu na Kiamucheru ya chini. Daktari alipanda kilima chote, kumbe ng'ombe iko chini. Nilikuwa nimebakisha wiki moja. Nikakaa na Mbeti, nikaandika upya."

Alifungua ukurasa wa pili. Mwandiko ulikuwa mdogo na safi. Nyawira alisoma kwa sauti.

"*Mtu akisema ng'ombe imelala, uliza: imezaa lini? Kama imezaa siku hizi tatu, ita daktari mara moja, usingoje. Mtu akisema inapiga kelele na kupanda wenzake, si mgonjwa. Inataka fahali. Mwite mtu wa mbegu. Usiulize kijiji. Uliza: unapeleka maziwa kituo gani? Daktari akikosa kupatikana, usimdanganye mkulima. Mwambie ukweli, halafu mtafute wa Nanyuki.*"

Nyawira aliinua macho. Hakuwa amewahi kuliona daftari lile. Alimwona mama yake kila siku ya utoto wake akienda kazini na kikapu, na hakujua kwamba kazi ile ilikuwa na akili nyingi namna hii.

"Mami, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Watiri alijibu. "Na mimi nilidhani wakati wa daftari umekwisha."

Jioni ile walianza kazi. Nyawira aliandika, Watiri alisema, Kathambi alisahihisha. Kwanza walibadilisha majina. "Huduma" ikafutwa. Zana ile ikaitwa "mwite mpandishaji". "Daktari" ikawa "mwite daktari wa mifugo sasa".

"Jina peke yake limwambie mtu kazi," Kathambi alisema. "Na zana mbili zisifanane majina mpaka zichanganyike."

Kisha wakaandika maelezo. Maelezo ya daktari yaliwachukua muda mrefu. Mwishowe yalisomeka hivi:

*Zana hii inamwita daktari wa mifugo aende kwa mkulima leo. Itumie kama ng'ombe ni mgonjwa, ameumia, amelala na hawezi kusimama, amekataa kula, au anashindwa kuzaa. Usiitumie kwa ng'ombe anayetaka kupandishwa. Kwa hilo tumia "mwite mpandishaji". Wakulima wengine husema "huduma" kwa mambo yote mawili. Kama hujui anataka lipi, muulize swali moja kabla ya kuchagua.*

"Ni ndefu," Nyawira alisema.

"Si ndefu, inatosha," Kathambi alijibu. "Inasema zana inafanya nini. Inasema itumike wakati gani, na isitumike wakati gani. Ungeweka hapo historia ya ushirika, hiyo ndiyo ingekuwa ndefu."

Wakaja kwenye nafasi za kujaza, ambamo msaidizi huandika habari za mkulima. Moja iliitwa "mahali" tu.

"Hapo ndipo kuna Kiamucheru," Watiri akasema.

Nyawira akaandika: *Kituo ambako mkulima anapeleka maziwa, si kijiji chake. Kwa mfano: Kiamucheru ya juu.* Kwenye nafasi ya shida ya ng'ombe akaandika: *Tumia maneno ya mkulima mwenyewe. Usiyafupishe.*

"Na zana ikimaliza, inamrudishia msaidizi jibu gani?" Kathambi aliuliza.

"Inasema 'imetumwa'."

"Imetumwa kwa nani? Daktari amekubali, ama simu yake imezima? Wacera aliambiwa mtu yuko njiani. Kwa hivyo hakutafuta msaada mwingine. Hilo nalo lilimwua yule ng'ombe."

Nyawira aliibadilisha zana yenyewe. Sasa ingejibu "amekubali" au "hajajibu". Kwenye maelezo akaongeza: *Usimwambie mkulima kwamba daktari anakuja mpaka zana ijibu "amekubali". Ikijibu "hajajibu", mwambie mkulima ukweli, mwite daktari wa pili, na umjulishe mtu wa zamu.*

"Mtu wa zamu ni nani?" Watiri aliuliza.

Wote wawili walimtazama.

"Haya," alisema. "Wekeni namba yangu."

Hawakuiwasha siku ile. Kathambi alikataa.

"Mpaka ijaribiwe. Chukua ujumbe wa zamani wa wakulima. Toa majina na namba zao. Umpe msaidizi, uone anachagua nini. Ng'ombe wa kweli asiguswe."

Nyawira alikusanya jumbe arobaini. Kwanza alijaribu na maelezo ya zamani. Msaidizi alikosea mara kumi na tatu. Kisha akajaribu na maelezo mapya. Alikosea mara mbili. Nyawira alirukaruka jikoni kama mtoto.

"Ngoja," Kathambi alisema. "Hizo mbili ni zipi?"

Makosa yote mawili yalikuwa juu ya neno "mbegu". Mkulima mmoja alitaka mbegu za nyasi za kupanda shambani. Msaidizi alimwita mpandishaji. Mwingine alitaka mbegu ya fahali. Msaidizi aliagiza nyasi.

Watiri alicheka mpaka akafuta machozi. "Hiyo ilinisumbua hata mimi! Nilikuwa nauliza: ya shamba ama ya ng'ombe?"

"Basi iandike hivyo hivyo," Kathambi akamwambia Nyawira.

Wakaandika. Wakajaribu tena, mara hii kwa ujumbe mwingine ambao msaidizi hakuwa ameuona. Hakukosea. Mwezi wa Oktoba kamati iliruhusu msaidizi awashwe. Nyawira aliahidi kusoma makosa yote kila Ijumaa na kusahihisha maelezo. Daftari la bluu likakaa mezani kwake, kando ya kompyuta.

Wacera hakuitumia namba ile. Kaka yake wa Kangema alikuwa amemletea mtamba mwenye mimba yake ya kwanza. Akipata shida ndogo alitembea mpaka Karatina mwenyewe. Na Watiri alipomsalimu njiani, alijibu kwa neno moja.

Asubuhi moja ya Januari, Watiri alikuwa akipura maharage uani. Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa msaidizi:

*Mtu wa zamu: Mkulima wa kituo cha Rugita kijitoni ana mtamba anayeshindwa kuzaa. Anasema: "Miguu imetoka, kichwa haionekani, tangu saa moja." Daktari Kingori hajajibu. Daktari wa pili amekubali, atafika baada ya dakika arobaini. Mkulima ameambiwa haya yote. Yuko peke yake.*

Kijitoni. Watiri hakuhitaji jina. Alitupa ungo chini, akamwita Nyawira, wakakimbia.

Lango lilikuwa wazi. Wacera alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, ameshika kichwa cha mtamba. Hakushangaa kuwaona. Alisogea tu, akampa Watiri nafasi.

"Nilikuwa nimeanza kuvuta," alisema. "Halafu nikaogopa."

"Usivute. Daktari anakuja. Nyawira, leta maji ya moto na sabuni. Wacera, mshike hivi, azidi kulala upande huu."

Walikaa hivyo, wanawake wawili bega kwa bega, mikono yao juu ya shingo yenye joto. Watiri aliimba kwa sauti ya chini, kama walivyokuwa wakiimba kwenye lori. Hakujua anaimba mpaka Wacera alipoitikia.

Daktari alifika kwa dakika thelathini na tano. Alikuwa msichana mzaliwa wa Nanyuki, anayefanya kazi Karatina, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Tayari alijua shida ilikuwa nini, kwa sababu alikuwa ameyasoma maneno ya Wacera mwenyewe, na alikuja na kamba na mafuta. Alinawa, akaingiza mkono, akakiweka kichwa cha ndama sawa. Kisha wakavuta wote wanne pamoja. Ndama akateleza nje, amelowa, akapiga chafya.

Mtamba akageuka akaanza kumlamba.

Wacera alikaa chini pale pale kwenye nyasi. Alilia kwa muda mrefu. Watiri alijua kwamba anamlilia pia yule ng'ombe mwingine, na hakumnyamazisha.

Baadaye walikunywa chai jikoni kwa Wacera. Nje jua lilikuwa limetoka, na mlima ulionekana wote, mpaka theluji yake. Nyawira alikaa pembeni, akiogopa kusema neno. Mwishowe akajikaza, akamgeukia Wacera.

"Mama, nilidhani hutawahi kutumia ile namba tena."

"Hata mimi," Wacera alijibu. "Nilipigia Kingori, hakushika. Sikuwa na njia ingine. Nikasema, mtamba iko na shida, nataka huduma. Nikangoja kuona kama italeta mtungi." Alikunywa chai kidogo. "Lakini ikaniuliza. Na ikaniambia ukweli ati Kingori hajashika. Kama ingenidanganya tena, ningetupa simu kwa choo."

Watiri alicheka. Wacera naye alicheka, kisha akamnyooshea Nyawira kidole.

"Lakini hiyo swali yenu ni mbaya."

"Mbaya aje, Mama?"

"Ni refu. Ati, 'Je, mnyama wako ni mgonjwa, anazaa, au anahitaji kupandishwa?' Mtu ameshika ng'ombe mkono moja, simu mkono ingine, anatetemeka. Atasoma hiyo yote saa ngapi?"

Nyawira aliweka kikombe chini. Akatoa kalamu mfukoni.

"Ungetaka ikuulize namna gani?"

Wacera alitazama nje, mahali mtamba alipokuwa akimsukuma ndama wake asimame.

"Iulize tu, 'Ng'ombe iko na nini?'" alisema. "Mimi nitaiambia yote."

Nyawira akaandika maneno hayo, neno kwa neno, kama alivyoyasema.